Punje ya Arobaini na Moja

Februari, Tusoni. Moteli za kando ya reli
zimetoa wageni, zimeingiza mawe.
Vitanda vimesimamishwa ukutani kama watoto waliokosa,
na pale alipokoroma dereva wa lori juzi
leo imelala akiki, kilo kwa kilo, juu ya shuka jeupe.
Bafuni, ndani ya beseni la kuogea,
mtu amemwaga lulu za mtoni
na kuandika bei kwa wanja kwenye kigae.

Mimi ni mbeba mikoba. Sina cheo kingine hapa.
Delfina anatangulia, mkononi chupa ya vidonge vya presha,
ndani yake shanga arobaini za marehemu mama yake.
Zilikuwa arobaini na moja.
Moja ilikwenda na maji ya sinki usiku wa harusi ya Marisela,
na aliyefungua bomba ni mimi.
Mwaka wa tisa huu, kila nikiosha sahani
nakumbushwa.

"Feruzi," anamwambia kila muuzaji,
"feruzi ya zamani, ya machimbo yaliyofungwa.
Babu yangu aliichimba, ikamla vidole viwili."
Wauzaji wanaitikia kwa kichwa.
Ulimi hauna mfupa; kichwa cha muuzaji nacho ni vivyo hivyo.

Hemraj, kijana wa Jaipuri, anapima zumaridi
kwa mizani ndogo kuliko kiganja,
pumzi kaibana isije ikaongeza uzito.
"Mama, chukua nyuzi kumi, nikupe bei ya jumla."
"Nataka punje moja."
"Punje moja? Hata kuihesabu ni hasara."

Hema la tatu. La saba. Vumbi, jenereta,
mwanamke anayeng'ata lulu na kusikiliza meno yake,
kaharabu yenye mbu aliyekufa kabla deni halijabuniwa.
Tukala tamale juu ya boneti ya gari.
Nikasema, turudi. Hakusikia,
au alisikia.

Saa tisa, kwa Wilford Bitsilly, Mnavaho wa kofia nyeusi,
akaipata: buluu ile, na mshipa wa kahawia mwembamba kama unywele.
Dola mia moja na sitini.
Wilford akachungulia ndani ya chupa yetu, akanyamaza,
akaifunga feruzi yake kwa karatasi, taratibu.
Sasa najua alinyamazia nini.

Maana miguu ilimvimba Delfina,
na kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, kwenye meza ya vioo
vya Zdenka, bibi wa Jabloneki, mwenye miwani miwili,
mmoja puani, mmoja kichwani.
Akaomba kuona. Akatoa ushanga, akaugonga jinoni,
akauinua kwenye lenzi.
"Huu hapa, mshono wa kalibu. Jiwe halishonwi.
Kioo hiki. Cha bonde letu, cha kabla ya vita.
Kazi safi sana," akasema, kwa fahari,
kama aliyekutana na mpwa wake ugenini.

Mimi nikajiandaa kwa mvua.
Nikamfikiria babu, na vidole vyake viwili.
Delfina akazirudisha punje chupani, moja moja,
akihesabu kwa sauti, hadi arobaini.
Akashukuru. Akanunua sindano.

Usiku, mezani, akatunga.
Na feruzi halisi, katikati ya vioo vile vinavyong'aa,
ikakaa kama mgeni asiyejua wimbo:
butu, nzito, yenye doa.
Ungeulizwa iliyo bandia, ungeielekezea kidole hiyo hiyo.

Akauvaa. Akasogea chini ya taa.
"Inaonekana?"
"Ipi?" nikasema.

Akanitazama kitambo,
kwa jicho la Zdenka,
lile la kutafuta mshono.